Lafudhi Haina Pasipoti

Juma hili naomba tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anacho mdomoni, lakini hukisikia kwa mwenzake tu. Kitu hicho ni lafudhi.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu ya safari moja ya basi kutoka Kigoma kwenda Tabora. Njiani tulisimamishwa. Akapanda mkaguzi mmoja, akawa anapita kiti hadi kiti akiuliza abiria wametoka wapi. Mbele yangu alikaa kijana mmoja, ambaye alijibu kwa adabu kwamba kwao ni Kasulu na anakwenda Tabora kutafuta kibarua. Mkaguzi akakunja uso. "Mbona lafudhi yako si ya kwetu? Wewe umevuka mpaka. Toa kibari." Kijana hakuwa na kitambulisho chochote. Akaamriwa ashuke na mzigo wake.

Mama mmoja mtu mzima akapaza sauti kutoka nyuma: "Baba, huyo ni mtoto wetu, anasema kama tusemavyo sote kule. Na hicho kibari unachomdai ndicho kitu gani? Au unataka kibali?" Basi zima likaangua kicheko, na hata mkaguzi akatabasamu kwa shida. Lakini kicheko hakikumsaidia kijana. Alishuka, basi likaondoka, tukamwacha kando ya barabara amekalia begi lake. Nami, ninayelipwa kwa kusema, nilinyamaza kimya hadi Tabora.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: hivi lafudhi hutuambia nini hasa juu ya mtu? Jibu, ndugu zangu, liko katika historia.

Kwanza tusichanganye lafudhi na lahaja. Lahaja ni namna nzima ya kuisema lugha, pamoja na maneno yake, sarufi yake na matamshi yake. Lafudhi ni matamshi peke yake, ule mlio unaokufanya umtambue mtu gizani kabla hajataja jina. Vyote viwili hujengwa na jambo moja, nalo ni nani alisafiri kwenda wapi, na huko alikaa na nani.

Tuanzie pwani. Kutoka Barawa, Somalia, hadi kaskazini ya Msumbiji, watu walisafiri kwa majahazi wakisukumwa na pepo za kaskazi na kusi. Bahari iliwaunganisha, lakini visiwa na hori ziliwatenga pia, kila mji ukawa na ulimi wake. Macho ya Unguja ni mato ya Mombasa na Lamu. Mchele wa Unguja ni mtele wa Lamu. Njia ya Unguja ni ndia ya Mvita, na maji ya kunywa, ukifika Lamu, ni mai. Hakuna kati yao aliyekosea. Kila mmoja alirithi kutoka kwa mama yake, na mama kutoka kwa bibi.

Kisha Kiswahili kikapanda bara kwa miguu. Katika karne ya 19 Zanzibar, chini ya Sayyid Said na wanawe, ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu, la karafuu, na la binadamu waliotekwa utumwani. Misafara ilitoka Bagamoyo ikapita Ugogo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji. Wazungu wale wawili, Burton na Speke, walipofika Ujiji mwaka 1858, waliikuta njia imekwisha kukanyagwa na wafanyabiashara wa pwani na wapagazi wao. Wanyamwezi ndio waliobeba sehemu kubwa ya mizigo ile, na pamoja na pembe na vitambaa walibeba maneno. Kutoka Ujiji wengine walivuka Ziwa Tanganyika wakaingia Manyema, na huko Kasongo ndiko Tippu Tip alikojijengea makao.

Sasa fikiri jinsi lugha inavyojifunzwa barabarani. Hakuna mwalimu wala ubao. Mtu mzima anajifunza neno la kununulia chakula, la kuomba maji, la kuuliza njia. Sarufi anaazima ile aliyotoka nayo nyumbani. Ndiyo maana hadi leo, ukikutana na mtu wa Lubumbashi, atakuambia batoto badala ya watoto, na muntu badala ya mtu. Mji ule ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ukakusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Urundi na ng'ambo ya mpaka wa kusini. Wengi wa watu hao kwao walisema ba- kwa watu, hivyo waliposema Kiswahili wakaja na ba- yao. Sisi wa Dar es Salaam husikia tukacheka, tukadhani ni Kiswahili kilichoharibika. Kumbe ni daftari la mahudhurio: linatuonyesha ni akina nani waliokuwa mgodini.

Neno moja tu huweza kusimulia mambo ya karne nzima. Jengo wanalosomea watoto, Bara tunaliita shule, neno tuliloachiwa na Mjerumani. Unguja wanaliita skuli, kwa kuwa huko Mjerumani hakutawala, alitawala Mwingereza. Lubumbashi utasikia watoto wamekwenda masomo. Watoto ni wale wale wenye daftari kwapani, lakini njia zilizowafikisha darasani ni tatu.

Walipokuja wamisionari na watawala, walitaka Kiswahili kimoja cha kuandikia. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Krapf alikuwa amefika Mombasa mwaka 1844, akajifunza Kimvita na kukiandikia kamusi. Steere alikaa Unguja, na mwaka 1870 akatoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ukaamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia vitabu katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kwa nini Kiunguja? Kwa sababu ndicho kilichokuwa kimesafiri zaidi. Misafara ilikuwa imekwisha kukipigia kura kwa miguu.

Kamati ile iliweza kusahihisha vitabu, lakini haikuweza kusahihisha koo za watu. Vitabuni tuliandikiwa dhambi, dhahabu na thelathini, na vinywani wengi wetu wa bara tukaendelea kusema zambi, zahabu na selasini, kwa kuwa lugha za mama zetu hazina sauti zile. Vivyo hivyo ndugu zetu Waluo husema samba wakikusudia shamba, maana Kijaluo hakina hiyo sh. Na ile r na l, iliyomtia aibu mkaguzi wetu, ni sauti ambazo lugha nyingi za Kibantu hazizitenganishi. Kila uchaguzi wako watu wanaokwenda kupiga kula, na kura zao huhesabiwa sawasawa na za wengine.

Baada ya misafara ikaja reli. Reli ya Kenya ilianza Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, na katikati yake, mwaka 1899, ukazaliwa mji wa Nairobi mahali ambapo Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya mtu yeyote. Reli yetu ya kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mashamba ya mkonge ya Tanga yakawavuta manamba kutoka Kigoma, Songea na hata Msumbiji. Jeshi la KAR nalo likachanganya vijana wa makabila mengi kambini, likazaa Kiswahili cha amri, kifupi na kikavu, watu wakakiita Ki-KAR.

Baada ya uhuru, serikali ya Tanganyika, na baadaye Tanzania, ilifanya kwa makusudi lile ambalo reli ilifanya kwa bahati. Mwalimu wa Bukoba alipelekwa Newala, karani wa Moshi akahamishiwa Sumbawanga. Watoto waliofaulu walipelekwa shule za bweni mbali na kwao. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, likawakusanya vijana chini ya hema moja. Ikiwa mtu wa Mbeya na mtu wa Musoma wamelala kitanda cha juu na cha chini kwa miaka minne, hapana budi kila mmoja atapunguza ya kwao kidogo ili wasikilizane. Ndiyo maana leo kijana aliyekulia katika miji yetu ni vigumu kumtambua kabila kwa kumsikia tu.

Haya si ya vitabuni peke yake, mimi mwenyewe ni shahidi. Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Nilizaliwa Tabora, na nilipokuwa na miaka minane akahamishiwa Tanga. Juma la kwanza watoto wa mtaani walinicheka kila nilipofungua mdomo. Nilijifunza kunyamaza, kisha nikajifunza kusema kama wao, na kabla mwaka haujaisha hakuna aliyenicheka tena. Mama yangu, tuliyehama naye siku ile ile na kwa treni ile ile, hadi leo anasema Kitabora. Ndivyo ilivyo: ulimi wa mtoto ni udongo mbichi, hufinyangwa na wenzake wa kucheza nao, na ulimi wa mtu mzima umekwisha kuchomwa. Niliporudi likizo kwa bibi alinisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Mjukuu wangu ameshakuwa mtu wa pwani." Alisema kwa fahari, lakini nilisikia na huzuni ndani yake.

Wakati mwingine, hata hivyo, watu huhama na ulimi ukakataa kuhama. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa kutoka nyuma ya pwani yetu wakapelekwa Somalia utumwani. Waliotoroka wakajenga vijiji kando ya Mto Juba, na Kizigua chao wakakishikilia. Vita vilipolipuka Somalia mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania. Walipofika mkoa wa Tanga wakafungua midomo, na Wazigua wa Handeni wakawaelewa! Zaidi ya miaka 100 ilikuwa imepita. Serikali ikawapa ardhi huko Chogo, wilayani Handeni, na baadaye wengi wakapewa uraia. Kwa watu wale, ulimi ndio uliokuwa hati ya kurudi nyumbani.

Hapa sasa narudi kwa yule kijana wa Kasulu. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, wasemaji wake husikilizana bila mkalimani. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Kasulu na Burundi zote zilikuwa chini ya Mjerumani mmoja. Mpaka tunaoulinda leo ulipatikana baada ya vita ile, Mwingereza alipochukua Tanganyika na Mbelgiji akachukua Ruanda-Urundi. Lafudhi ya Waha ni ya kale kuliko mpaka huo. Mstari ulipochorwa kwenye karatasi haukupita kwenye koo za watu.

Tazama na upande wa pili. Mwaka 1972 wakimbizi wengi kutoka Burundi walikuja kwetu, wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto wao walizaliwa huko, wakasoma shule zetu, wakawa wanasema kama watoto wengine wa Tabora na Mpanda. Kwa sauti tu usingeweza kuwatofautisha, lakini hawakuwa raia hadi mwaka 2014, zaidi ya 162,000 kati yao walipopewa uraia. Basi pima mwenyewe. Kijana wa Kasulu ni raia na mkaguzi anamsikia kama mgeni. Kijana wa Ulyankulu hakuwa raia kwa miaka mingi, na mkaguzi yule yule angemsikia kama mwenyeji. Mizani inayokosea pande zote mbili, nani atanunua nyama kwa kuitegemea?

Hadithi hii ni ya kale. Biblia, katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, inasimulia jinsi watu walivyozuiwa vivukoni mwa Yordani wakaambiwa watamke neno Shibolethi. Aliyesema Sibolethi aliuawa. Walikufa watu 42,000, na kilichowatenga na wenzao pale kivukoni kilikuwa sauti moja. Sisi hatujafika huko, na Mungu atuepushe. Lakini kila anayeshushwa kwenye basi kwa sababu ya matamshi, sisi tuliobaki vitini tukatazama dirishani, tunasogea hatua moja kuelekea kivuko kile.

Lafudhi inaweza kutuambia mtu alilelewa na nani, alicheza na watoto gani, na babu zake walipita njia ipi. Hayo si machache. Lakini haiwezi kutuambia ni mali ya nchi gani, wala kama ni mwema au mwovu. Mwenye kutaka kujua uraia atafute vyeti, aulize serikali ya kijiji, awape watu muda wa kujieleza.

Nami, nikipanda tena basi lile, nimejiwekea ahadi ya kusema pamoja na yule mama. Nitasema kwa lafudhi yangu hii, nusu Tabora na nusu Tanga, na kama mkaguzi atataka kucheka, na acheke.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.