Jembe Halifichiki

Sarakasi tulijifunzia mtoni. Watu wa Kitui watanielewa: mto wetu sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, na mchanga ni godoro la bure. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja kocha alipotangaza mashindano ya Nairobi. Kila mzazi atume shilingi 1,500 kwa simu yake: nauli, sare, ada ya kuingia. Mama akauza kuku. Siku ya safari tukakaa stendi mpaka jua likazama, sare hatuna, basi halikuja. Mzazi mmoja akauliza hesabu, akaambiwa ati anawavunja watoto moyo. Wengine wote wakanyamaza.

Ule unyamavu ndio umenikaa rohoni kuliko safari yenyewe. Hawa ni watu wanaomkatiza chifu kwenye baraza. Mbona walishindwa kumuuliza mtu mmoja pesa zao ziko wapi?

Nimeitafuta sababu kwenye historia. Kuruka kwenyewe si kitu kigeni kwetu. Wakamba wana mbeni, ngoma ya vijana yenye filimbi na warukaji wanaojipindua hewani. Wageni wamekuwa wakienda kuitazama hata Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka wa 1971. Na kuchanga pia si kugeni. Tulikuwa na mwethya: ukiwa na shamba la kulima au nyumba ya kujenga, unaita majirani, unawapikia, kazi inaisha. Kesho zamu ni ya mwingine.

Katika miaka ya 1950, Makueni ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, vikundi vya mwethya ndivyo vilivyochimba mengi ya matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wengi wa wachimbaji walikuwa akina mama. Matuta ya "fanya juu" bado yanaonekana kwenye vilima hadi leo.

Sasa angalia jambo moja. Kwenye mwethya hakuna aliyehitaji mweka hazina. Mchango wako ulikuwa jasho, na jasho linaonekana. Nani amekuja, nani amechelewa, mtaro umefika wapi: kila mtu alijua kwa macho. Jembe halifichiki.

Pesa inafichika. Baada ya uhuru, harambee iligeuza sehemu kubwa ya mchango kuwa noti, lakini angalau noti zilihesabiwa mbele ya umati na majina yakasomwa. Mwaka wa 2007 ikaja M-Pesa. Mchango ukaingia kwenye simu ya mtu mmoja, na salio analiona yeye peke yake. Wazazi wetu walibaki na imani ya mwethya, ila macho ya mwethya yalikuwa yameshatoweka. Kuuliza hesabu kukaonekana matusi kwa sababu zamani hakukuwa na haja ya kuuliza.

Na usidhani ni mambo ya kijijini tu. Baada ya Olimpiki ya Rio ya 2016, aliyekuwa waziri wa michezo, Hassan Wario, alifikishwa kortini. Septemba 2021 alipatikana na hatia ya matumizi mabaya ya ofisi, akatozwa faini ya shilingi milioni 3.6. Ilichukua miaka mitano na korti nzima kupata jibu. Sisi pale stendi tulikuwa na nini?

Jibu naliona hapo jirani. Chini ya gavana Kivutha Kibwana, kati ya 2013 na 2022, kaunti ya Makueni iliwaachia wananchi wachague kamati za kusimamia miradi. Mkandarasi hakulipwa kabla kamati haijatia sahihi kwamba kazi imefanyika. Yaani macho ya mwethya yalirudishwa, safari hii yakiwa na kalamu.

Klabu ya watoto haihitaji zaidi ya hapo. Wazazi watatu waliochaguliwa, daftari moja, risiti, na hesabu kusomwa kila mwezi watoto wakisikia.

Mpwa wangu huko Wote ameanza jimnastiki. Juzi dada aliniuliza kama atume mchango wa safari. Nikamwambia atume, lakini kwanza aulize nani mwingine anaona salio. Akanijibu: "Wataniona mbaya."

Nikamwambia twende wote. Jumamosi tunaenda.