Mto Ahr na Ardhi Yake

Ukitwaa ramani ya Ujerumani, msomaji, na kuufuata mto Rhine kutoka kusini kwenda kaskazini, utaona kwamba kabla haujafika mji wa Bonn hupokea kutoka upande wa magharibi mto mdogo uitwao Ahr. Urefu wake haufiki kilomita 90. Siku za kawaida za kiangazi mtu aweza kuuvuka kwa miguu mahali pengi, maji yasimfike magotini. Miteremko ya bonde lake imepandwa mizabibu, na divai nyekundu ya huko ina sifa. Majabali yamesimama pande zote mbili kama kuta. Na chini, penye nafasi ndogo iliyo sawa, watu wamejenga vijiji, hoteli, barabara na reli. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai 2021 mto huo mdogo uliua watu zaidi ya 130.

Mvua ilinyesha mchana kutwa katika milima ya Eifel, zaidi ya milimita 100 mahali pengi, juu ya udongo uliokwisha kushiba maji ya majuma yaliyotangulia. Udongo ulioshiba haunywi tena. Maji yote yaliteremka kwa pamoja katika bonde jembamba lisilo na mahali pa kuyatawanya. Kabla ya siku hiyo, kimo kikubwa kabisa kilichopata kuandikwa katika kituo cha kupimia maji cha Altenahr kilikuwa mita 3.71, mwaka 2016. Safari hii kipimo chenyewe kilichukuliwa na maji, na mabingwa waliotazama baadaye alama za matope kutani walikadiria kimo cha mita 10 hivi. Magogo, motokaa na matangi ya gesi yalikwama katika madaraja, na kila daraja likawa boma. Maji yakajaa nyuma yake mpaka likavunjika, kisha yakashuka kwa kishindo juu ya kijiji kilichofuata. Amri ya kuwahamisha watu waliokaa ndani ya mita 50 kutoka mtoni ilitolewa saa tano ya usiku ikiwa imekwisha kupita, wakati vijiji vya juu vilikuwa tayari vimezama. Katika mji wa Sinzig, karibu na mahali Ahr unapoingia Rhine, watu 12 wenye ulemavu walikufa maji katika nyumba walimotunzwa; walikuwa wamelala ghorofa ya chini. Katika Ujerumani nzima mafuriko ya siku zile yaliua watu zaidi ya 180, na katika Ubelgiji 40 hivi.

Wengi walisema kwamba jambo kama hilo halijapata kuonekana. Lilikwisha kuonekana. Tarehe 21 Julai 1804 Ahr ulifurika ukaua watu 63, ukabomoa nyumba 129, na kuchukua karibu madaraja yote ya bonde. Tarehe 13 Juni 1910 ulifurika tena, wakafa watu zaidi ya 50, wengi wao vibarua waliokuwa wakijenga reli na kulala katika vibanda karibu na maji. Yatazame majira, msomaji: Juni na Julai, miezi ambayo mkaaji wa bonde hilo huuona mto umelala.

Basi habari hizo zilikuwa wapi? Zilikuwa katika vitabu vya kanisa, katika picha za kale na katika maandishi ya serikali. Lakini ramani rasmi za hatari zilitungwa kwa vipimo vya kituo cha Altenahr, navyo vilianza katika miaka ya 1940. Kwa vipimo hivyo, furiko linalotazamiwa mara moja katika miaka 100 lilihesabiwa kuwa mita za ujazo 241 za maji kwa sekunde. Mwaka 2014 Thomas Roggenkamp na Jürgen Herget, wanajiografia wa Bonn, walichapisha hesabu yao ya mafuriko ya kale: lile la 1804 lilipitisha zaidi ya mita za ujazo 1,000. Hesabu hiyo ilisomwa na wataalamu, ramani hazikubadilishwa.

Maneno hayo, "mara moja katika miaka 100", yamewapoteza wengi. Mtu huyasikia akadhani kwamba furiko likiisha kupita, wajukuu wake ndio watakaoliona jingine. Sivyo. Ni kama kapu lenye kokwa 100, moja ikiwa nyeusi. Kila mwaka unatia mkono, unatoa moja, unairudisha. Akaaye miaka 30 katika nyumba ya namna hiyo, bahati yake ya kuipata kokwa nyeusi yazidi robo. Na siku hizi kokwa nyeusi zinaongezeka, kwa kuwa hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke mwingi zaidi.

Tena ardhi ile ya sawa, iliyo nyepesi kujengwa, ni kazi ya mto wenyewe. Kila furiko liliacha matope na mchanga, na tabaka juu ya tabaka ndizo zilizofanya uwanda. Ajengaye hapo amejenga ndani ya mto, katika sehemu yake inayokauka kwa miaka mingi.

Baada ya 1910 ilifanywa mipango ya kujenga mabwawa katika bonde la juu ili kuzuia maji. Hayakujengwa. Mwaka 1925 wilaya ilianza kujenga juu ya milima hiyo hiyo njia ya mashindano ya motokaa, Nürburgring, iliyofunguliwa 1927. Sitaki tuwahukumu haraka: nchi ilikuwa na watu wengi wasio na kazi, na njaa ya leo ina sauti kuliko maji ya kesho kutwa.

Baada ya msiba wa 2021 serikali zilitenga mfuko wa Euro bilioni 30 kwa sehemu zote zilizoharibiwa, na mipaka ya hatari ikachorwa upya, safari hii 1804 ikihesabiwa. Katika bonde la Ahr maelfu ya majengo yalikuwa yameharibika. Yaliyokatazwa kujengwa tena mahali pake yalikuwa 34.