Kado ya sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto mdogo: namna gani kupata ile ambayo hakuna mwengine anayo

Sikukuu ya kuzaliwa, ao anniversaire kama wengi wanavyosema Uvira, inafika kila mwaka, na kila mwaka swali ni lile lile: mtoto tumupe nini? Kwenye soko, vitu vya kuchezea vinafanana. Gari ya plastiki inayoimba ikinunuliwa Mulongwe, jirani wa Kalundu ao wa Sange anaweza kupata ndugu yake. Tena haikawii kuvunjika.

Kado ya pekee si lazima iwe ya bei. Inatakiwa kuwa na alama ya mtoto mwenyewe: jina lake, familia yake, mahali alipozaliwa.

Vitu vya hapa kwetu

Fundi wa mbao anaweza kuchonga mtumbwi mdogo na kuandika jina la mtoto pembeni, kama vile wavuvi wanavyoandika maneno kwenye mitumbwi yao. Fundi wa cherehani anaweza kukata shati ao kanzu ndogo katika kikwembe kile kile cha mama, na kipande kinachobaki kikawa mwanasesere. Vijana wa mtaa wanajua kutengeneza gari ya waya ao ya bidon.

Kama kiwanja kiko, panda mwembe siku hiyo. Mwembe wa kupandikizwa unaweza kuanza kuzaa kisha miaka 3 mpaka 5: mtoto anakula embe ya mti wenye umri sawa na wake.

Kado ingine haitaki soko hata kidogo: sauti. Tate aombwe kuimba ao kuhadisia kwa Kivira, Kifuliiru ao Kibembe, na kueleza maana ya jina la mtoto, simu ikirekodi. Siku moja sauti hiyo itakuwa na thamani kuliko gari yote.

Angalisho kwa wenye chini ya miaka 3

Katika umri huu mtoto anaweka kila kitu kinywani. Shanga, vifungo na vipande vya baluni iliyopasuka vinaweza kumufunga pumzi. Betri ndogo za mviringo ni hatari zaidi: ikimezwa, inaweza kuchoma koo katika saa 2 tu. Mtoto apelekwe hospitali mara moja. Ncha za waya zikunjwe ndani, na bati lenye makali lisitumiwe.

Kado ambayo wengi wanasahau

Kuna kitu kimoja ambacho kweli hakiwezi kuwa cha mtoto mwengine: cheti chake cha kuzaliwa, ile acte de naissance. Sheria ya Congo inaomba mtoto aandikishwe kwa ofisi ya état civil katika siku 90 kisha kuzaliwa, na katika muda huo ni bure. Mzazi anaenda komine, ao kwenye ofisi ya chefferie ama ya secteur, akiwa na karatasi ya maternité na kitambulisho chake.

Kwa hiyo keki ya mwaka wa kwanza inapokatwa, muda wa bure umekwisha kupita. Hapo inaombwa hukumu ya tribunali ya watoto, jugement supplétif, na hiyo inakula siku na pesa. Lakini njia haijafungwa. Familia inayochangia kwa sherehe inaweza kuweka sehemu ya mchango kwa kazi hiyo.

Faida yake mzazi ataiona wakati wa kuandikisha mtoto masomoni na wakati wa mitihani. Na katika eneo ambamo makundi yenye silaha yamekwisha kuchukua watoto, karatasi inayoonyesha umri ni ulinzi.

Kuichunga

Mafuriko ya Aprili 2020 yalibeba nyumba za Uvira pamoja na picha na karatasi zilizokuwa ndani. Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena mpaka kwenye nyumba za kando yake. Cheti, picha na sauti ya tate vitengenezewe kopi: moja kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, ingine kwenye simu ya ndugu anayekaa mahali pa juu ao katika mji mwengine.