Sholem Asch: Riwaya zilizomtenga mwandishi na wasomaji wake

Sholem Asch alikuwa miongoni mwa waandishi mashuhuri wa lugha ya Kiyidishi katika karne ya 20, lakini riwaya zake kuhusu chimbuko la Ukristo zilimfarakanisha na wasomaji wengi wa lugha hiyo.

Alizaliwa mwaka 1880 mjini Kutno, Poland, wakati eneo hilo likitawaliwa na Urusi. Kiyidishi, lugha yenye asili ya Kijerumani iandikwayo kwa herufi za Kiebrania, ilizungumzwa na mamilioni ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki.

Tamthilia mahakamani

Tamthilia yake, Mungu wa Kisasi, iliyooneshwa Berlin mwaka 1907, inamhusu mwenye danguro anayenunua gombo la Torati akitumaini litamkinga binti yake na uchafu wa nyumba hiyo. Mwandishi mkongwe I. L. Peretz alimshauri aichome moto. Mwaka 1923 ilioneshwa Broadway, New York, na waigizaji wake wakatiwa hatiani kwa kukiuka maadili, hukumu iliyobatilishwa baadaye.

Yesu, Myahudi

Dhoruba kubwa zaidi ilizuka mwaka 1939, riwaya yake ya Mnazareti ilipotoka kwa tafsiri ya Kiingereza. Asch alimchora Yesu akiwa Myahudi miongoni mwa Wayahudi, kwa imani kwamba dini hizo mbili ni matawi ya shina moja.

Wasomaji wa Kiingereza waliipokea kwa shangwe. Hata hivyo Forverts, gazeti la Kiyidishi la New York lililochapisha kazi zake kwa miaka mingi, lilikataa kuichapisha. Mhariri wake, Abraham Cahan, alimtuhumu hadharani kuwa anaeneza Ukristo.

Mwaka huohuo majeshi ya Hitler yaliivamia Poland. Kwa Wayahudi waliokumbuka karne nyingi za mateso katika nchi za Kikristo, wito wa maridhiano ulisikika kama usaliti.

Asch alikanusha kuwa amebadili dini, wala hakuweka kalamu chini. Aliandika Mtume, kuhusu Paulo, iliyotoka mwaka 1943, kisha Maria, mwaka 1949.

Katika miaka yake ya mwisho alihamia Bat Yam, Israel. Alifariki dunia London mwaka 1957, na nyumba yake ya Bat Yam ikageuzwa kuwa makumbusho, katikati ya watu wake waliowahi kumkataa.