Kumbukumbu Kabla ya Kumbukumbu: Historia Fupi ya Programu za Kuwashia Kompyuta na Somo Lake kwa Istilahi na Sera

Ikisiri
Makala haya yanachunguza namna programu za kuwashia kompyuta zilivyokabiliana na ongezeko la aina za kumbukumbu tangu mwaka 1999. Hoja kuu ni kwamba historia hiyo ni ya kuhama kwa maarifa, na kwamba mahali maarifa hayo yanapokaa panaamua nani anaweza kukitunza kifaa.

1.0 Utangulizi
Kompyuta inapowashwa, kumbukumbu yake kuu huwa bado haitumiki. Kumbukumbu ya DRAM huhifadhi kila biti kama chaji ya umeme inayovuja, hivyo huhitaji kuhuishwa tena na tena, kwa kawaida ndani ya kila milisekunde 64. Kidhibiti chake hakijui aina, ukubwa wala kasi yake mpaka kielekezwe na programu ya kuwashia. Hata hivyo, programu hiyo nayo, ikiandikwa kwa lugha ya C, huhitaji kumbukumbu ili ifanye kazi. Huo ndio mkwamo uliozaa historia tunayoijadili.

2.0 Njia Zilizotumika
Mwaka 1999 Ron Minnich na wenzake katika maabara ya Los Alamos, Marekani, walianzisha mradi wa LinuxBIOS, ambao tangu mwaka 2008 huitwa coreboot. Mwanzoni kumbukumbu iliamshwa kwa msimbo wa asembli. Eric Biederman akaandika romcc, kompaila iliyowezesha msimbo wa C kutumia rejista za prosesa pekee. Baadaye kache ya prosesa ikatumika kama kumbukumbu ya muda. Kwa upande wa kompyuta zilizopachikwa ndani ya vifaa, Wolfgang Denk alianzisha PPCBoot mwaka 2000, ambayo mwaka 2002 ilipewa jina la U-Boot. Humo, programu fupi iitwayo SPL hukaa katika SRAM ndogo iliyomo ndani ya chipu, huamsha DRAM, kisha hupakia programu kamili.

Wakati huohuo aina ziliongezeka, kila moja na umeme wake: DDR volti 2.5, DDR2 volti 1.8, DDR3 volti 1.5, DDR4 volti 1.2. Katika kompyuta za mezani, moduli ya kumbukumbu hubeba chipu ndogo ya SPD inayoeleza sifa za moduli yenyewe. Programu huisoma na kujirekebisha. Vifaa vilivyopachikwa mara nyingi havina SPD, kwa kuwa chipu za kumbukumbu hulehemewa ubaoni moja kwa moja. Kwa mfano, chipu ya Allwinner H6 hukubali DDR3 au LPDDR3, na anayejenga U-Boot hulazimika kuchagua mapema. Akikosea, kifaa hakiwaki.

3.0 Suala la Istilahi
Katika Kiswahili, neno "kumbukumbu" hubeba maana nyingi: ukumbusho, muhtasari wa kikao, na sehemu ya kompyuta. Fundi anayeambiwa tu kwamba "kumbukumbu imeharibika" hajui aanzie wapi. Tunapendekeza majina yafuate tabia inayoonekana wakati wa kuwasha: "kumbukumbu tuli" kwa SRAM, ambayo haihitaji kuhuishwa, "kumbukumbu huishwa" kwa DRAM, na "hifadhi" kwa flashi, ambayo haisahau umeme unapokatika.

4.0 Hitimisho
Maarifa ya kumbukumbu yamewahi kukaa katika msimbo wa ubao mmoja, katika chipu ya moduli, na katika uamuzi wa anayejenga programu. Pengine hukaa katika faili iliyofungwa: FSP ya Intel, kwa mfano, huamsha kumbukumbu lakini hutolewa bila msimbo asilia. Aina ya chipu ikitoweka sokoni, asiye na msimbo hawezi kuweka nyingine, humsubiri mtengenezaji. Kwa hiyo washauri wa sera wanapoandaa zabuni za vifaa vya shule, zahanati au mita za umeme, wadai msimbo wa kuamsha kumbukumbu uambatane na kifaa, pamoja na maelezo yake kwa lugha ambayo mafundi wetu wanaisoma.