Chupa Irudiyo na Chupa Isiyorudi

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, mnywaji wa soda au bia katika nchi ya Marekani aghalabu hakununua chupa. Alinunua kilichomo ndani yake. Chupa ilikuwa amana mikononi mwake. Aliiwekea rehani ya senti chache dukani, akairudisha tupu, akarejeshewa fedha zake, nayo ikaenda kiwandani kuoshwa na kujazwa tena na tena mpaka ivunjike.

Baada ya vita, viwanda viliona faida kubwa zaidi katika makopo na chupa za kutupwa, na taka zikazagaa kando ya barabara. Mwaka 1953 jimbo la Vermont lilikataza kuuza bia katika chupa zisizorudishwa. Sheria ile iliachwa ife mwaka 1957. Mwaka uo huo wa 1953 makampuni ya makopo, chupa na vinywaji yalishiriki kuunda chama cha Keep America Beautiful, kilichowafundisha watu ya kuwa mkosa ni yule atupaye, wala si yule afanyizaye kitu ili kitupwe. Lilikuwa fundisho la werevu mwingi, na lilifaulu. Jimbo la Oregon liliirudisha rehani kwa sheria ya 1971, lakini mwaka 1973 Nathaniel Wyeth alipata hataza ya chupa ya plastiki iwezayo kustahimili gesi ya soda, na kioo kikapata mshindani mwepesi, asiyevunjika.

Hapo ndipo urejelezaji, yaani kuyeyusha kitu kilichotumika ili kifanyizwe kingine, ulipoitwa uwe jibu. Mwaka 1988 chama cha wenye viwanda vya plastiki kilianzisha chapa ya mishale mitatu yenye nambari 1 hadi 7. Wanunuzi wengi waliisoma kama ahadi ya kuwa chombo kitazaliwa upya, kumbe nambari yaeleza aina ya plastiki tu. Mishale iliondolewa katika kanuni ya chapa hiyo mwaka 2013, baada ya miaka 25 ya kuaminiwa.

Plastiki si chuma. Nyuzi zake ndefu hukatika kwa joto, aina moja haipatani na nyingine, na rangi zikichanganyika hazitengeki. Wataalamu walihesabu mwaka 2017 ya kuwa katika tani bilioni 6.3 za taka za plastiki zilizokuwapo hata 2015, asilimia 9 tu ndiyo iliyorejelezwa, na katika hiyo sehemu moja ya kumi tu ilirejelezwa zaidi ya mara moja.

Mtetezi wa chupa ya kioo asiufiche uzito wake: ikisafirishwa mbali, mafuta ya gari huila faida. Desturi ya kurudisha hustawi pale kiwanda, duka na mnywaji wakaapo karibu. Afrika ya Mashariki twaijua. Debe la mafuta ya taa lilichotea maji na kupimia mahindi, hata likawa jina la kipimo. Na kreti la soda lingali likienda dukani limejaa na kurudi na chupa tupu. Sheria zetu zilianza na mifuko: Rwanda 2008, Kenya 2017, Tanzania Bara 2019. Chupa ya plastiki haikuguswa na marufuku hizo. Hukaa dukani pamoja na ile ya kioo, na mnunuzi asiye na chupa tupu ya kubadilisha aghalabu huondoka na ya plastiki.