Vijana wa Ikulu, Vijana wa Maduara

Wanaosaga mbale, yaani mawe yenye dhahabu, kwenye makarasha (mashine za kusagia) ya Rwamgasa, mkoani Geita, wamezoea kuhojiwa. Mwaka 2003 walifikiwa na wataalamu wa Uingereza na Ujerumani waliopima zebaki miilini mwao na katika mazingira, chini ya mradi wa UNIDO. Wanafunzi wa shahada za uzamili nao huja na madodoso: umri, elimu, kipato, matarajio.

Masomo ya maendeleo yanayowaleta wasomi hao yana historia yenye ugomvi ndani yake, na Oktoba 2026 ugomvi huo unatimiza miaka 60.

Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa mwaka 1963, likiwa la kujitolea. Miaka mitatu baadaye serikali ikaamua wahitimu nao walitumikie kwa lazima miaka miwili, sehemu yake kambini na iliyobaki kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Wasomi wakawaka. Oktoba 22, 1966, karibu wanafunzi 400, wengi wao wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, waliandamana kwa majoho hadi Ikulu kwa Mwalimu Nyerere. Bango moja lilithubutu kudai kwamba afadhali enzi za mkoloni.

Mwalimu aliwasikiliza. Kisha akageuza kibao: kama tatizo ni mishahara, basi mishahara ya wakubwa ni minono mno, na ya kwake ingekatwa kwa asilimia 20 papo hapo. Waandamanaji walifukuzwa, wakarudishwa makwao chini ya ulinzi. Miongoni mwao alikuwamo Samuel Sitta, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Wengi walirejeshwa masomoni mwaka uliofuata.

Mwanahistoria Andrew Ivaska, katika kitabu chake Cultured States cha 2011, analiweka tukio hilo ndani ya mvutano wa vijana na dola mjini Dar es Salaam. Mjini, ndiyo. Mwaka huohuo wa 1966 mgodi wa dhahabu wa Geita ulifungwa, lakini vijana wa huko hawamo katika masimulizi ya ujana wa taifa.

Likafuata Azimio la Arusha, Februari 1967, na mwezi uliofuata chuo kikaitisha mkutano wa kujiuliza wajibu wake katika nchi ya kijamaa. Kila mwanafunzi alipaswa kuijua jamii yake, hata kama anasomea uhandisi. Kutokana na fikra hizo, somo la maendeleo lilipata idara yake mwaka 1973, ambayo leo ni Taasisi ya Taaluma za Maendeleo yenye shahada za uzamili.

Yaliyofuata ni mepesi kusimulia: JKT ya lazima ikasitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013, sera ya maendeleo ya vijana ikaja 1996, ikapitiwa upya 2007.

Tasnifu zimeongezeka, lakini nyingi huishia kwenye rafu za maktaba. Kwa mfano, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 4 ya mapato yao ya ndani kuwakopesha vijana, kwa sharti la kikundi kilichosajiliwa. Kijana anayehama kila rashi mpya ya dhahabu inapotokea hakai mahali pamoja hadi kikundi kisajiliwe. Jambo hilo lingegunduliwa kwa wiki chache za kukaa kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, bila dodoso.